Parafibromini ikikosekana, je, ni saratani?

Swali: Mama ametolewa uvimbe wa tezi ya parathiroidi baada ya kalsiamu kupanda sana. Ripoti inasema parafibromini haipo. Ana saratani?

Jibu: Si lazima. Parafibromini ni protini ya jeni CDC73, na huzuia seli zisizaliane ovyo. Maabara wakipaka rangi ya kuitafuta, viini vya seli zenye protini hiyo huwa vya kahawia. Kwa uvimbe usio nayo hubaki vya bluu, huku vya kuta za mishipa ya damu vikiwa kahawia vilevile. Hapo ndipo kipimo kinaaminika.

Saratani nyingi za tezi hii hukosa protini hiyo, ila hata uvimbe ambao haujavamia kitu unaweza kuikosa. Ki-67, kipimo cha kasi ya seli kugawanyika, ikizidi asilimia 5 nayo huongeza shaka tu. Kinachoamua, kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2022, ni uvimbe kuvamia mishipa ya damu, mishipa ya fahamu au viungo jirani, au kusambaa.

Kinachosahaulika mno, kwa maoni yangu, ni kupima CDC73 katika damu ya mama. Akiwa amezaliwa na hitilafu ya jeni hiyo, taya na figo zake ziangaliwe, nawe na ndugu zako mpimwe.