«Uhuru» angani: somo la mwanga na la maneno yake

Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi, Kenya, Waitaliano na Wamarekani walirusha satelaiti ndogo. Siku hiyo Kenya ilitimiza miaka 7 ya uhuru, na chombo kikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Kilikuwa cha kwanza kutumwa kwa kazi moja tu, yaani kutafuta eksirei zinazotoka kwenye nyota.

Kwa nini kipande juu? Mwanga husafiri kwa mawimbi, na jicho hupokea sehemu ndogo tu ya mawimbi hayo. Sogeza mkono karibu na jiko la makala linaloanza kushika moto: utasikia joto kabla ya kuona wekundu. Joto hilo ni infraredi, mwanga wenye mawimbi marefu kuliko ya rangi nyekundu. Kadiri kitu kinavyozidi kuwa cha moto, ndivyo mwanga wake unavyokuwa wa mawimbi mafupi zaidi. Eksirei zina mawimbi mafupi sana, na hewa ya dunia huzizuia.

Basi kila kitu hutafutwa kwa mwanga wake. Vumbi baridi linalozaa sayari huonekana kwa mawimbi marefu: mwaka 1983 satelaiti IRAS iligundua vumbi kuizunguka nyota Vega, na mwaka 2014 darubini za ALMA, Chile, zilionyesha miviringo katika vumbi la nyota changa HL Tauri. Mabaki ya nyota zilizokufa huenda upande wa pili. Uhuru iliona eksirei za Centaurus X-3 zikipigapiga kila baada ya sekunde 4.8 hivi. Ni mabaki mazito ya nyota, yanayonyonya gesi ya nyota jirani; gesi ikianguka hupata joto la mamilioni ya digrii. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002.

Sasa tutazame maneno. «Urujuanimno» hujieleza: ni mwanga uliopita urujuani. «Infraredi» haijielezi, hasa kwetu Butembo na Beni tuliosoma fizikia kwa Kifaransa, ambako nyekundu ni «rouge». Je, tuseme «chini ya nyekundu»? Tahadhari! Mwanafunzi atadhani mawimbi yake ni mafupi zaidi, kumbe ni marefu. Kilicho chini ni idadi ya mawimbi yanayopita kwa sekunde moja. Tafsiri ya neno kwa neno ingefundisha kosa.

Zoezi: pendekeza istilahi ya Kiswahili ya infraredi, kisha mweleze maana yake mtu ambaye hakusoma fizikia. Akielewa kinyume, anza upya.