Kwa Nini Breki za Lori Huchoka Mteremkoni

Barabara itokayo Morogoro kwenda Iringa hupanda mlima Kitonga kwa kona nyingi, upande mmoja jabali na upande wa pili bonde. Abiria wengi huogopa wakati wa kupanda, kwa kuwa gari hunguruma na kwenda polepole. Dereva mzoefu huogopa wakati wa kushuka. Siku moja nilikuwa nimeketi kando ya dereva wa lori lililobeba mahindi kutoka Iringa. Tulipofika kileleni alisimama, akaingiza gia ya chini, ndipo akaanza kuteremka taratibu kana kwamba hana safari. Nilipomwuliza sababu alinijibu, "Mwalimu, breki huchoka. Zikichoka hapa, hakuna pa kuzipumzishia."

Nilikuwa nimesoma ng'ambo kwa miaka kadhaa na kukokotoa milinganyo mingi ya nishati, lakini sikuwa nimepata neno lifaalo kuliko hilo la "kuchoka". Madhumuni ya makala haya ni kueleza kisayansi jinsi breki zinavyochoka, na kuonyesha yale ambayo dereva na fundi hawana budi kuyafanya. Hisabati inayohitajika ni ile anayoijua mwanafunzi wa sekondari.

Nishati ya mlima

Tuchukue lori ambalo tungamo lake pamoja na mzigo ni tani 30, yaani kilo 30,000, na mteremko wenye kimo cha mita 400. Mchapuko wa mvutano wa dunia tuuchukue kuwa 10 m/s². Nishati inayotolewa lori linaposhuka ni tungamo mara mchapuko mara kimo:

30,000 × 10 × 400 = jouli 120,000,000, yaani megajouli 120.

Nishati haipotei, hugeuka tu. Ikiwa lori halitakiwi kuongeza mwendo, basi nishati hiyo yote haina budi kugeuka kuwa joto mahali fulani. Sehemu yake huchukuliwa na upinzani wa hewa na matairi. Iliyobaki huangukia breki na injini.

Ili tuone ukubwa wa joto hilo, tukumbuke kwamba kilo moja ya maji huhitaji jouli 4,200 ili ipate joto kwa nyuzi 1 ya Selsiasi. Kuipandisha kutoka nyuzi 20 hadi 100 kwahitaji jouli 336,000. Kwa hiyo megajouli 120 zingeweza kufikisha kwenye mchemko lita 357 hivi za maji, zaidi ya pipa moja na nusu. Vyuma vya breki havina maji ya kuvipoza. Hutegemea hewa peke yake.

Sasa tulinganishe na kusimama katika barabara tambarare. Lori hilohilo likienda kilomita 80 kwa saa, yaani mita 22.2 kwa sekunde, nishati yake ya mwendo ni nusu ya tungamo mara mraba wa mwendo, nayo ni megajouli 7.4 hivi. Kushuka mlima huo kwa breki peke yake ni sawa na kulisimamisha lori kutoka mwendo huo mara 16 mfululizo. Breki zimeundwa kusimamisha gari. Hazikuundwa kubeba mlima.

Muda nao ni muhimu. Tuseme mteremko una urefu wa kilomita 7. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, lori litashuka kwa dakika 7, na nishati itatolewa kwa kiwango cha kilowati 286. Kwa kilomita 20 kwa saa, litachukua dakika 21, na kiwango kitakuwa kilowati 95. Mlima ni uleule na nishati ni ileile, lakini hewa imepata muda mara tatu wa kupoza vyuma.

Kuchoka kwa namna tatu

Namna ya kwanza ni ya msuguano. Ndani ya gurudumu mna dramu ya chuma inayozunguka, na viatu vya breki vilivyobandikwa bitana. Bitana hizo zikipata joto kupita kiasi, gundi iliyozishikamanisha huanza kuoza na kutoa gesi, na msuguano hupungua. Dereva hukanyaga kwa nguvu zaidi, lakini lori halishikiki kama mwanzo.

Namna ya pili ni ya kutanuka. Dramu ya chuma cha kalibu yenye kipenyo cha milimita 410, ikipata joto la nyuzi 300 zaidi, hutanuka kwa milimita 1.4 hivi. Kipimo hiki ni kidogo, lakini viatu vya breki hulazimika kusafiri zaidi ili kuifikia dramu. Katika breki za upepo, fito inayovisukuma viatu ina mwisho wa safari yake. Breki ambayo haikukazwa vizuri hufika mwisho huo kabla ya kubana.

Namna ya tatu huyapata magari madogo na malori mepesi yatumiayo mafuta ya breki. Mafuta hayo hufyonza unyevu wa hewa. Yale ya daraja la DOT 3, yakiwa mapya, hayachemki chini ya nyuzi 205. Yakiisha kufyonza maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango kinachotakiwa hushuka mpaka nyuzi 140. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubanika. Hapo pedali huzama mpaka sakafuni, na breki hazishiki.

Jaribio la darasani

Chukua bomba la sindano lisilo na sindano. Lijaze maji bila kiputo chochote, ziba mdomo kwa kidole, kisha sukuma. Halibonyei. Sasa toa nusu ya maji, acha hewa iingie, uzibe na kusukuma tena. Utabonyea mpaka uhisi umekanyaga kitu laini. Ndivyo anavyohisi dereva ambaye breki zake zina hewa au mvuke, na ndiyo sababu fundi hutoa hewa kila afunguapo mpira wa breki.

Mlima na ubebwe na injini

Dereva aachapo kukanyaga mafuta ilhali gia imo, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Injini hupinga kwa msuguano na kwa kazi ya kubana na kusukuma hewa, na joto linalotokea hutoka kwa njia ya eksozi na rejeta. Gia ikiwa ya chini, injini huzunguka mara nyingi zaidi kwa kila mita ya barabara, na upinzani wake huongezeka. Hapa pana mambo manne ya kushika:

1. Gia ichaguliwe kabla ya mteremko kuanza. Anayengoja mpaka lori lishike kasi huweza kuitoa gia na asiweze kuingiza nyingine.

2. Iwe gia ambayo lori lingeitumia kupanda mlima huohuo, au ya chini zaidi.

3. Breki zikanyagwe kwa nguvu kwa muda mfupi ili kupunguza mwendo, kisha ziachiwe zipoe. Kuzigusa mfululizo ni kuzipika.

4. Gia isitolewe kamwe ili lori liteleze lenyewe. Wapo wanaodhani kufanya hivyo huokoa dizeli. Kwa injini nyingi za kisasa, gia ikiwamo na mguu umeondolewa, dizeli hukatwa. Gia ikitolewa, injini huhitaji dizeli ili isizimike.

Ukaguzi kabla ya safari

Fundi akaze breki za magurudumu yote kwa kipimo kimoja, maana gurudumu moja lililolegea huwatwika mengine kazi yake. Maji yaliyokusanyika katika matangi ya upepo yafunguliwe na kumwagwa kila siku. Mafuta ya breki yabadilishwe kwa wakati. Wala isijazwe oili ya injini badala yake, kwa kuwa huvimbisha mipira. Dramu zilizopata moto zisimwagiwe maji, zisije zikapasuka, ziachwe zipoe. Vumbi la breki lisipulizwe, kwa kuwa bitana za zamani huwa na asbesto, ambayo hudhuru mapafu. Lipanguswe kwa kitambaa kibichi.

Maswali

1. Lori la tani 10 linashuka kimo cha mita 250. Nishati yake ingeweza kufikisha kwenye mchemko lita ngapi za maji yenye joto la nyuzi 20?

2. Kama lori hilo lisingekuwa na breki, wala kusingekuwa na upinzani wa aina yoyote, lingefika chini kwa mwendo gani?

3. Mwombe dereva wa lori aliye jirani akueleze jinsi anavyochagua gia ya kuteremkia. Yaandike maneno yake, kisha uyaeleze kwa lugha ya nishati.

Majibu: (1) lita 74 hivi, (2) mita 71 kwa sekunde, yaani kilomita 255 hivi kwa saa. Jibu la tatu anayo dereva.