Somo la Mwezi: Mshindani Asiye Mwaminifu



Sisi watu wa ufukoni, pamoja na ndugu zetu wa milimani Mbinga, tunazijua hila za soko tangu zamani. Tunalijua debe la dagaa lililobonyezwa, tunaijua lumbesa, na wakulima wa kahawa wanayajua magoma: kupewa fedha kidogo wakati wa shida na kudaiwa kahawa nyingi wakati wa mavuno. Siku hizi imeongezeka bidhaa isiyopimwa kwa debe wala mizani, nayo ni intaneti ya hewani. Mtu huweka antena juu ya paa la duka, hununua huduma kwa kampuni kubwa, kisha huwauzia majirani kwa saa au kwa siku. Je, mwenzetu wa biashara hiyo akituchezea rafu, tufanye nini?

Kwanza yafaa tuielewe bidhaa yenyewe. Intaneti hiyo husafiri kwa mawimbi kama redio. Masafa yanayotumika sana, gigahezi 2.4, ni ya watu wote, mradi kifaa kisizidishe nguvu iliyoruhusiwa. Yamegawanywa katika njia, lakini njia hizo hulaliana, na zinazoweza kutumika mahali pamoja bila kugongana ni 3 tu: ya 1, ya 6 na ya 11. Basi jirani akiwasha mtambo wake katika njia yetu, wateja wetu wataona intaneti inasuasua, nao watatulaumu sisi.

Hapo tusiwe wepesi wa kuhukumu. Vifaa vingi huchagua njia vyenyewe, na huenda jirani hajui kabisa. (Wengine tunaowaita wezi ni watu ambao hawajasoma karatasi iliyokuja ndani ya boksi.) Tumwendee kwanza, tuketi, tugawane njia.

Lakini ziko hila za kweli. Mtu huupa mtandao wake jina lile lile la mtandao wa mwenzake ili wateja waingie kwake bila kujua. Mwingine hueneza uvumi kwamba mtandao wa fulani unakula fedha za simu. Mwingine huzidisha nguvu ya mtambo kwa makusudi. Moyo wa kibinadamu husema: nasi tumzibie.

Tutazame yaliyotokea Marekani. Katika hoteli moja ya Marriott mjini Nashville, wafanyakazi walitumia mtambo kuwazuia wageni wasitumie intaneti yao wenyewe, huku huduma ya hoteli ikiuzwa kwa waonyesha bidhaa na wenye mikutano kwa dola 250 hadi 1,000 kwa kifaa kimoja. Mwaka 2013 mtu mmoja aliyehudhuria shughuli pale alipeleka malalamiko serikalini. Mwaka 2014 Tume ya Mawasiliano ya nchi hiyo iliitoza Marriott dola 600,000. Mtu yule hakuwa na mtambo wa kuwazibia. Alikuwa na malalamiko yaliyoandikwa, yakapelekwa mahali panapohusika.

Kwetu Tanzania mlango huo upo. Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) hutoa leseni na kusimamia masafa kwa sheria ya mwaka 2010. Kuwadanganya wanunuzi kumekatazwa na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, nayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahusu wanaoingilia mitambo ya wengine. Kwa hiyo tuwe na daftari: tarehe, saa, jina la mtandao, picha ya simu, maneno ya mteja. Ila nani atathubutu kwenda kushitaki kama naye anauza bila leseni? Hili huwafunga wengi midomo, na mwenye hila analijua.

Mwanzo sura ya 26 hutueleza habari za Isaka na visima. Viwili aliviacha kwa ugomvi wa wachungaji wa Gerari; cha tatu hakikugombaniwa, akakiita Rehobothi. Wengine humwona Isaka kuwa mnyonge. Sisi hatuoni hivyo, maana Abimeleki mwenyewe alikiri kwamba Isaka amewazidi nguvu. Kuhama kutoka njia ya 6 kwenda ya 11 ni kazi ya dakika chache. Walakini Paulo naye, alipoona haki yake inapotea, alikata rufani kwa Kaisari. Njia ya mawimbi twaweza kuiacha. Wateja wakiibiwa kwa jina letu, hilo si la kuliacha.

Limebaki jambo gumu kuliko yote, nalo ni bei. Tuseme huduma inatugharimu shilingi 150,000 kwa mwezi, nasi tuna wateja 30. Kila mmoja lazima alete 5,000 kabla hatujalipa umeme wala fundi. Mwenzetu akiuza kwa 3,000, ama ameisongamanisha laini ile ile kwa watu 50 au zaidi, ama anakula mtaji wake. Tukimfuata tutafunga pamoja naye. Afadhali tuwaambie wateja wazi: laini ni megabiti 20, jioni mko 30, msitegemee kutazama sinema saa 2 usiku.

Katika vikundi tujadili: mteja wetu akihamia kwa mwenye bei ya 3,000, kisha akarudi baada ya mwezi, tutampokeaje? Na kijana wetu asiye na leseni, parokia imsaidie vipi kuipata?