Kutoka Uchindile hadi chuo kikuu: mwaka wa kwanza

Mwaka wa kwanza wa chuo kikuu huanza kabla treni ya TAZARA haijaondoka stesheni ya Uchindile. Vyuo vingi vya Tanzania hufunguliwa Oktoba au Novemba, na aliyemaliza kidato cha sita Mei ana miezi ya kutosha kuweka karatasi zake sawa: cheti cha kuzaliwa kihakikiwe na wakala wa usajili, RITA, namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) ipatikane, fomu ya mkopo isainiwe na mtendaji wa kijiji na kupigwa mhuri wa wakili. Yakiachwa hadi dakika za mwisho, safari moja ya kufuata mhuri Mlimba au Ifakara hula siku nzima.

Aliyepangiwa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hufika Dar es Salaam kwa treni ileile ya TAZARA. Anayekwenda chuo cha SUA au Mzumbe hushuka Ifakara, akapanda basi la Morogoro linalopita Mikumi. Vyovyote iwavyo, inafaa kufika siku mbili tatu kabla ya usajili, maana vitanda vya hosteli huisha mapema. Aliyekosa hupanga chumba, yaani geto, mtaani, na wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Si rahisi kwa mzazi anayeishi kwa mahindi au kibarua cha shamba la miti kuipata fedha hiyo ghafla.

Hapo ndipo linapokuja suala la fedha, linalowaumiza wengi kuliko masomo yenyewe. Kosa kubwa ni kulipigia hesabu boom, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, kabla halijaingia. Mwanafunzi lazima kwanza asajiliwe, akaunti yake ya benki ithibitishwe, asaini, na hayo yote huweza kuchukua wiki kadhaa. Asiyeondoka nyumbani na chakula cha mwezi mzima, hata kama ni mchele wa Kilombero na maharage kwenye kiroba, hujikuta anakopa kabla hajaingia darasani. Tangu 2022/23 fedha ya chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku kwa mnufaika wa Bodi ya Mikopo. Ikiingia ya siku 60 ni shilingi 600,000 kwa mara moja, na kijana ambaye hajawahi kushika hata laki huiona haiishi. Dawa yake ni daftari: siku ileile inapoingia, kodi inalipwa, unga, mafuta na sabuni vinanunuliwa, kisha kiasi kilichobaki kinagawanywa kwa idadi ya wiki na kuandikwa. Fedha ya wiki ya tano haiguswi wiki ya pili, hata rafiki akiomba kwa machozi. Na mkopo ni deni: akiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi itakatwa.

Darasani, ushauri wa kusubiri "mambo yakae sawa" ni mbaya kabisa. Katika vyuo vingi alama 40 kati ya 100 hutoka kwenye majaribio na kazi za muhula, na 60 kwenye mtihani wa mwisho. Jaribio la kwanza huja wakati wageni bado wanatafuta maktaba ilipo. Kiingereza cha mhadhiri nacho huwa cha kasi, na ukumbi una mamia ya watu. Njia inayofaa ni kuzipitia nukuu jioni ileile, kueleza wazo kwa Kiswahili katika kikundi cha watu wanne au watano hadi lieleweke, kisha kila mmoja aandike jibu kwa Kiingereza. Kikundi cha watu kumi na watano hugeuka kijiwe. Mwanafunzi wa mwaka wa pili wa kozi hiyohiyo ni hazina: ndiye mwenye mitihani ya miaka iliyopita.

Anayeugua au kulemewa na upweke aende mapema kwa mshauri wa wanafunzi. Kazi yake ndiyo hiyo.

Alama za mwaka wa kwanza huhesabiwa katika GPA ya mwisho. Anayeshindwa somo hupata sapu, yaani mtihani wa marudio, na zikizidi kiwango cha chuo, hudisko, yaani huondolewa chuoni. Sapu nyingi hufanywa likizo ndefu, wenzake wakiwa wamekwisha kwenda nyumbani, bila boom. Kwa hiyo nauli ya kurudi Uchindile na chakula cha majuma hayo hutengwa kutoka kwenye boom la mwisho la mwaka, kabla matokeo hayajatoka.