SOMO: SAHIHI SI UKAGUZI

Kila katibu wa chama anaijua kazi ya sahihi kwenye hati ya malipo. Humtambulisha aliyeidhinisha. Lakini haithibitishi kwamba pamba ilipimwa sawasawa. Hiyo ni kazi ya mizani na ya mkaguzi.

Kanuni hiyo yahusu pia kompyuta za ofisi zilizounganishwa kwa mtandao wa ndani. Mwaka 1996 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilileta ActiveX, yaani vipande vya programu ambavyo kivinjari huvipokea kutoka mtandaoni na kuviendesha ndani ya kompyuta. Kipande kikisharuhusiwa, huwa na uwezo ule ule alio nao mtumiaji wa mashine: chaweza kusoma majalada, kuyabadili au kuyafuta. Kwa hiyo vilitiwa sahihi ya kidijitali. Sahihi hiyo hueleza mambo mawili tu: nani aliyeitia, na kwamba programu haikubadilishwa tangu hapo. Haisemi kwamba programu ni salama.

Mwaka huo huo wa 1996, mtaalamu Fred McLain alionyesha kasoro hiyo kwa kutengeneza kipande chenye sahihi halali kilichozima kompyuta ya aliyekipokea. Januari 2001, kampuni ya VeriSign, iliyokuwa ikitoa hati za utambulisho, ilimpa hati mbili za jina la Microsoft mtu aliyejifanya mfanyakazi wa kampuni hiyo. Hati zilifutwa, lakini vivinjari havikuweza kugundua vyenyewe kwamba zimefutwa, hata Microsoft ikalazimika kutoa marekebisho.

Internet Explorer, kivinjari kilichotumia vipande hivyo, kilistaafishwa Juni 2022. Hata hivyo, kivinjari cha Edge kina njia ya kufungulia kurasa za zamani, na ofisi yenye programu za kale yaweza kuwa ingali inavitumia. Ofisi ya namna hiyo yapasa kuzingatia haya:

1. Iwepo orodha ya vipande vilivyokaguliwa na kukubaliwa. Kisichoandikwa humo kisiruhusiwe, hata kikiwa na sahihi.
2. Vipande hivyo vifanye kazi katika kurasa za ndani tu.
3. Ufunguo wa siri wa kutilia sahihi utunzwe kama mhuri wa chama: ufungiwe, na uwe mikononi mwa wachache wanaojulikana. Aliye nao aweza kutia sahihi kwa jina la ofisi nzima.
4. Karani asitumie kompyuta kwa mamlaka ya msimamizi wa mitambo, ili madhara yakitokea yasienee.
5. Kipande kisichohitajika tena kiondolewe.

Karani anayebonyeza "kubali" kwa sababu tu ameona jina analolijua hana tofauti na mweka hazina anayelipa kwa kuona mhuri bila kusoma hati. Fedha zitakazopotea ni za wanachama.

Maswali ya kujadili:
(a) Sahihi ya kidijitali yathibitisha nini, na haithibitishi nini?
(b) Katika ofisi yenu, nani huamua programu ipi iingizwe katika kompyuta? Uamuzi huo huandikwa wapi?