Kanisa la Mkunazini na Njia ya Lindi

Mtu aingiapo katika kanisa la mji huuliza kwanza ni nani aliyelijenga, na kwa muda gani. Swali hilo ni jema, lakini liko lingine limpasalo Mkristo: je, watu walioonewa mahali pale wamepata nini kwa kanisa lile? Katika somo hili twalitazama Kanisa Kuu la Kristo la ndugu zetu Waanglikana, lililo mjini Unguja, mtaa wa Mkunazini. Ingawa liko kisiwani, habari zake hazieleweki pasipo Kilwa na Lindi. Maana wengi waliouzwa pale walipakiwa vyomboni Kilwa, na baadhi ya waliowekwa huru walirudi bara kwa njia ya Lindi.

1. Soko

Watu walikamatwa katika nchi za Nyasa na kando kando yake, wakaletwa kwa miguu mpaka Kilwa Kivinje, na huko forodha ilitoza ushuru kwa kila kichwa. Kwa hesabu ya forodha hiyo, katika miaka mitano kati ya 1862 na 1867 walipita watumwa zaidi ya 90,000, na walio wengi walipelekwa Unguja. Waliokufa njiani hawamo katika hesabu hiyo.

Tusiseme ya kwamba dhambi hiyo ilikuwa ya taifa moja au ya dini moja. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja, jina lake Morice, alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa apatiwe watumwa 1,000 kila mwaka, wapelekwe kwenye mashamba ya visiwa vya Wafaransa. Kulikuwa na wakuu wa bara waliouza watu wao au jirani zao, na Wazungu waliopenda pembe na karafuu hawakuuliza ni nani aliyezibeba au kuzichuma.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba na Waingereza, watumwa wasichukuliwe tena baharini, na masoko yao yafungwe. Hata hivyo biashara haikukoma siku ile, kwa sababu misafara ilipita nchi kavu toka Kilwa kwenda kaskazini. Huko Unguja sheria iliendelea kuutambua utumwa mpaka mwaka 1897.

2. Jengo

Mahali pa soko pakapatikana kwa ajili ya Misheni ya Vyuo Vikuu. Sehemu moja ilinunuliwa, na nyingine ilitolewa na Jairam Senji, tajiri wa Kihindi. Jiwe la msingi liliwekwa Sikukuu ya Kuzaliwa kwa Bwana mwaka 1873, na ibada ya kwanza ikafanyika sikukuu ile ile mwaka 1877. Kazi iliangaliwa na Edward Steere, aliyefanywa askofu mwaka 1874, mtu yule aliyeandika kitabu cha sarufi ya Kiswahili na kulitafsiri Agano Jipya. Kuta zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, na dari ikapindwa kama chombo kilichofudikizwa. Husimuliwa ya kwamba Askofu alipokuwa safarini mafundi walisimamisha nguzo kadhaa juu chini, naye aliporudi akaziacha vivyo hivyo. Tena hunenwa ya kuwa madhabahu imewekwa pale palipokuwa na mti wa kupigia watumwa. Steere alifariki mwaka 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu hiyo.

3. Watu

Lakini kabla jengo halijakwisha, Steere alianza kazi nyingine. Mwaka 1876 alipanda chombo pamoja na watu zaidi ya 50, wanaume na wanawake waliowekwa huru, wakashuka Lindi, wakashika njia ya bara. Nia yake ilikuwa kuendelea mbele, karibu na Nyasa. Walipofika Masasi watu wakaona nchi ni nzuri na maji yako, wakataka kukaa hapo. Askofu akawasikiliza, na hivyo ndivyo usharika wa Masasi ulivyoanza.

Uhuru wao haukuwa salama. Mwaka 1882 Wangoni, walioitwa Magwangwara, waliushambulia mji ule. Wengine waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka. Watu waliokwisha kuonja utumwa mara moja wakauonja tena. Hata hivyo kazi haikufa. Cecil Majaliwa, Myao aliyechukuliwa mtumwa angali mtoto, alisomeshwa Unguja, na mwaka 1886 akatumwa Chitangali katika nchi ya Newala. Mwaka 1890 akapewa upadri, naye ndiye Mwafrika wa kwanza wa misheni ile kupewa daraja hiyo. Yule aliyenyang'anywa watu wake alirudishwa kwao, akiwa mchungaji wao.

4. Yatupasa kujifunza nini?

Nasi Walutheri tuna majumba ya mji tunayoyapenda, kama lile la Azania Front katika Dar es Salaam, lililojengwa kati ya 1898 na 1902. Si vibaya kuyatunza. Ila twaona ya kuwa kanisa la Mkunazini lingalikuwa kumbukumbu ya mawe tu, kama lisingalifungua njia ya Lindi. Soko lilipokea watu na kuwatawanya wasirudi. Kanisa liliwapokea watu wale wale, likawafundisha, likawapeleka bara. Usharika wowote na ujipime kwa kipimo hicho.

Maswali ya kuzungumza baada ya kusoma Zaburi 126 na Waraka kwa Filemoni:

1. Kwa nini kufungwa kwa soko hakukutosha kumaliza utumwa?
2. Steere alitaka kwenda mbele, watu wakataka kukaa Masasi. Kiongozi ajifunze nini hapo?
3. Katika mji wetu ni nani wanaouzwa au kutumikishwa pasipo haki leo, nasi tumewafungulia njia gani?