Asiyekubali Kushindwa si Mshindani

Michezo huleta furaha na urafiki. Lakini mara nyingine huleta ugomvi. Timu moja inachelewa kufika uwanjani. Timu nyingine inadai ushindi wa bure. Mwamuzi anatukanwa. Watu wanarudi nyumbani wamenuna.

Je, mwenzako akikosea, na sheria ikakupa ushindi bila jasho, utafanya nini? Utauchukua, au utasema, "Njoo tucheze"?

Katika somo hili tutasoma habari za watu wawili walioshindania ubingwa wa dunia mwaka 1972. Mchezo wao ulikuwa sataranji.

SATARANJI NI MCHEZO GANI?

Sataranji huchezwa na watu wawili. Wanakaa wakitazamana, na katikati yao upo ubao wenye vyumba 64. Vyumba hivyo ni vyeupe na vyeusi, kwa kupishana. Kila mchezaji ana kete 16. Kete moja ni mfalme. Kete nane ndogo ni askari. Zilizobaki ni wakubwa wa mfalme, na kila aina ina mwendo wake.

Kila mchezaji anajaribu kumzingira mfalme wa mwenzake mpaka akose pa kukimbilia. Hapo mchezo umekwisha.

Sataranji ni kama bao kwa jambo moja: haina bahati nasibu. Mtu hushinda kwa akili na subira. Akishindwa, hawezi kusema mvua ilinyesha au mpira ulidunda vibaya. Kwa hiyo kushindwa kunauma sana.

WACHEZAJI WAWILI

Bingwa wa dunia wakati ule alikuwa Boris Spassky (tamka: Spaski). Alizaliwa mwaka 1937 katika Umoja wa Kisovieti, nchi kubwa iliyokuwapo mpaka mwaka 1991. Alipata ubingwa mwaka 1969. Tangu mwaka 1948 kila bingwa wa dunia alikuwa ametoka katika nchi hiyo.

Aliyetaka kumvua ubingwa ni Bobby Fischer (tamka: Fisha), wa Marekani. Alizaliwa mwaka 1943. Alikuwa hodari sana, lakini alikuwa mtu mgumu. Alikuwa na madai mengi kuhusu fedha, taa, viti na kelele. Kabla ya mwaka 1972 alikuwa amecheza na Spassky mara tano. Spassky alishinda mara tatu, na mara mbili walitoka sare. Fischer hakuwa amemshinda hata mara moja.

Wakati huo Marekani na Umoja wa Kisovieti zilikuwa zikishindana katika mambo mengi: silaha, siasa, na safari za angani. Kwa hiyo dunia nzima iliutazama ubao ule. Watu walisema si Fischer na Spassky tu wanaocheza. Ni nchi mbili kubwa.

Mashindano yalipangwa kufanyika Reykjavik (tamka: Rekyavik), mji mkuu wa Iceland. Iceland ni nchi ya kisiwa, kaskazini kabisa ya Ulaya. Ingechezwa michezo 24. Mshindi wa mchezo mmoja alipata pointi 1. Wakitoka sare, kila mmoja alipata nusu pointi. Fischer alihitaji pointi 12 na nusu ili awe bingwa. Spassky alihitaji 12 tu ili abaki na ubingwa wake.

MGENI HAKUFIKA

Sherehe ya kufungua mashindano ilifanyika tarehe 1 Julai 1972. Spassky alikuwapo. Fischer hakuwapo. Alikuwa bado Marekani, akidai fedha zaidi.

Kwa mujibu wa sheria, Fischer angeweza kuondolewa. Lakini rais wa chama cha sataranji cha dunia, Max Euwe (tamka: Ova), aliahirisha mchezo wa kwanza kwa siku mbili. Tajiri mmoja Mwingereza, Jim Slater, akatoa dola 125,000 ili zawadi iwe mara mbili. Mshauri wa rais wa Marekani, Henry Kissinger, naye alimpigia Fischer simu kumhimiza aende.

Hatimaye Fischer alifika tarehe 4 Julai. Sasa upande wa Spassky ulikasirika. Walisema, "Sisi tulifika kwa wakati. Kwa nini asiyefika abembelezwe?" Walikuwa na haki kusema hivyo. Mambo mawili yalifanyika. Euwe alikubali kwa maandishi kwamba alivunja sheria. Na Fischer alimwandikia Spassky barua ya kumwomba radhi. Spassky alipokea radhi hiyo, na mchezo ukapangwa upya.

MAPIGO MAWILI

Mchezo wa kwanza ulianza tarehe 11 Julai. Ulielekea kuwa sare. Ghafla Fischer alitamani kula askari mmoja wa Spassky. Alimla, lakini kete yake kubwa ikanaswa. Siku ya pili yake Fischer alikubali kwamba ameshindwa.

Baada ya hapo Fischer alidai kamera za filamu ziondolewe ukumbini. Alisema zinamsumbua. Wenye mashindano walitegemea kupata fedha kutokana na filamu hiyo. Madai yake hayakutimizwa kama alivyotaka.

Tarehe 13 Julai, saa 11 jioni, ulikuwa wakati wa mchezo wa pili. Spassky alikuwa tayari. Kiti cha Fischer kilikuwa kitupu. Mwamuzi, Mjerumani aitwaye Lothar Schmid, aliiwasha saa ya Fischer. Sheria ilisema mchezaji akichelewa saa nzima, amepoteza mchezo. Saa nzima ilipita. Fischer hakutokea. Mwamuzi akatangaza kwamba Spassky ameshinda.

Fischer alikata rufani, lakini ilikataliwa. Sasa Spassky alikuwa na pointi 2. Fischer alikuwa hana kitu.

CHUMBA CHA NYUMA

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu.

Fischer alisema atacheza mchezo wa tatu kwa sharti moja: uchezwe katika chumba cha nyuma, mbali na kamera na watazamaji. Sheria haikumlazimisha Spassky kukubali. Ukumbi ulikuwa umetayarishwa. Angeweza kukaa katika kiti chake ukumbini na kungoja. Kama Fischer asingetokea tena, mashindano yangevunjika, na Spassky angerudi kwao akiwa bado bingwa wa dunia.

Spassky alisimulia baadaye kwamba mkubwa wa michezo wa nchi yake alimpigia simu, akimtaka achukue hatua ambayo ingeyavunja mashindano. Spassky alikataa. Alitaka kucheza.

Mwamuzi alimwomba akubali kwenda katika chumba cha nyuma. Spassky alikubali.

Tarehe 16 Julai wakaingia katika chumba kidogo ambacho kwa kawaida kilitumiwa kwa mpira wa meza. Hata humo Fischer alianza kulalamika juu ya kamera. Spassky alikasirika, nusura aondoke. Schmid alieleza baadaye kwamba aliwashika wote wawili mabegani, akawakalisha kwenye viti vyao, akawaambia wacheze.

Wakacheza. Fischer alishinda. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumshinda Spassky.

MAKOFI

Baada ya hapo walirudi ukumbini. Fischer aliendelea kupata nguvu. Tarehe 23 Julai walicheza mchezo wa sita. Siku hiyo Fischer alicheza vizuri mno. Hakukuwa na pupa wala kelele. Kila kete ilikwenda mahali pake. Spassky alipoona ameshindwa, watazamaji walipiga makofi kumsifu Fischer. Spassky naye akapiga makofi pamoja nao.

Tufikiri kidogo. Mtu huyu alikuwa amepitwa kwa pointi siku hiyo hiyo. Nchi yake ilikuwa inamtazama. Hata hivyo alisifu kazi nzuri iliyofanywa na mpinzani wake. Fischer alishangaa, na baadaye alimsifu Spassky kwa uungwana wake.

NZI WAWILI

Fischer alizidi kuongoza. Mwezi wa Agosti, mmoja wa wasaidizi wa Spassky alitoa malalamiko. Alisema huenda upande wa Marekani wanatumia dawa au mitambo ya siri ili kumdhoofisha Spassky.

Watu wa Iceland hawakubishana sana. Walichunguza. Viti vilipigwa picha za eksirei. Taa zilifunguliwa. Ndani ya taa walikuta nzi wawili waliokufa. Mtambo wa siri haukuonekana.

Anayeshindwa huweza kutafuta sababu nje ya ubao. Dawa ya shutuma ni uchunguzi ulio wazi, si matusi.

MWISHO WA MASHINDANO

Tarehe 1 Septemba 1972, Spassky alipiga simu kwa mwamuzi kukubali kwamba ameshindwa katika mchezo wa 21. Fischer alikuwa na pointi 12 na nusu, Spassky 8 na nusu. Fischer akawa bingwa wa dunia.

Spassky aliporudi kwao alilaumiwa. Wengine walimwona mjinga: alikuwa na ubingwa mkononi, akauachia. Lakini hakukata tamaa. Mwaka 1973 alishinda mashindano makubwa ya nchi yake.

Fischer hakuutetea ubingwa wake. Mwaka 1975 alitoa masharti mapya. Baadhi yalikubaliwa, mengine yalikataliwa, naye hakucheza. Ubingwa ukapewa Anatoly Karpov wa Umoja wa Kisovieti. Safari hii hapakuwa na chumba cha nyuma.

Miaka mingi ikapita. Mwaka 1992 Fischer na Spassky walicheza tena, huko Yugoslavia. Marekani ilikuwa imekataza raia wake kufanya biashara huko, kwa hiyo Fischer alitafutwa na serikali yake. Mwaka 2004 alikamatwa nchini Japani. Spassky alimwandikia rais wa Marekani barua ya kumwombea huruma. Alisema kama haiwezekani kumsamehe, basi naye afungwe pamoja na Fischer katika chumba kimoja, wapewe na sataranji wacheze.

Mwaka 2005 Iceland ilimpa Fischer uraia. Alifariki Reykjavik mwaka 2008. Spassky alifariki mwaka 2025, akiwa na umri wa miaka 88.

TUNAJIFUNZA NINI?

Kwanza, sheria na uungwana ni vitu viwili. Sheria ni mali ya wote. Mwamuzi hana ruhusa ya kuigawa kama zawadi. Euwe alipoahirisha mchezo, alitoa kitu kisichokuwa chake peke yake, ndiyo maana ilimbidi akiri kosa. Schmid alipoona saa nzima imepita, alitangaza matokeo bila kujali jina la mtu.

Pili, muungwana hutoa kilicho chake. Spassky hakusema sheria ifutwe. Pointi ya mchezo wa pili alibaki nayo mpaka mwisho. Alichotoa ni nafasi yake mwenyewe ya kukataa. Hakuna aliyemlazimisha.

Tatu, uungwana una gharama. Spassky alipoteza ubingwa. Tusidanganyane kwamba mwenye kutenda wema hushinda kila mara. Lakini leo watu wanapotaja mashindano yale, wanataja ushindi wa Fischer na uungwana wa Spassky pamoja.

Wahenga walisema: Asiyekubali kushindwa si mshindani.

MANENO YA KUJIFUNZA

Bingwa: mtu aliyewashinda wengine wote.
Sare: mchezo usio na mshindi.
Mwamuzi: mtu anayesimamia sheria za mchezo.
Kuahirisha: kusogeza jambo mpaka siku nyingine.
Kukata rufani: kuomba uamuzi uangaliwe tena na wakubwa.
Shutuma: maneno ya kumlaumu mtu kwamba ametenda kosa.
Uungwana: tabia njema ya mtu mwenye heshima.

MASWALI

1. Kwa nini mwamuzi alimpa Spassky ushindi katika mchezo wa pili?
2. Fischer alitaka mchezo wa tatu uchezwe wapi? Kwa nini?
3. Spassky alifanya nini mwisho wa mchezo wa sita?
4. Ndani ya taa kulikutwa nini?
5. Fischer alishinda kwa pointi ngapi zaidi ya Spassky? Fanya hesabu.

MAZUNGUMZO DARASANI

Jigaweni makundi mawili. Kundi la kwanza liseme: "Spassky alifanya vizuri kwenda katika chumba cha nyuma." Kundi la pili liseme: "Spassky alikosea, alimdekeza mtu mwenye makosa." Kila mmoja atoe sababu zake, na asimkatize mwenzake.

ZOEZI LA KUANDIKA

Andika sentensi tano kuhusu siku uliposhindwa katika mchezo au katika jambo jingine. Ulimwambia nini aliyekushinda? Msomee jirani yako ulichoandika.